Ndago za Mapambo Siakago: Mmea wa Maji Katika Nchi Kavu

Msafiri atokaye mji wa Embu na kushuka upande wa mashariki kuelekea Siakago huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Nyuma yake huyaacha mashamba ya chai na kahawa yaliyo katika miteremko ya Mlima Kenya, pamoja na hewa yake ya baridi. Mbele yake hutokea migunga, mawe, udongo wa mchanga, na mashamba ya mtama, uwele, kunde na ndengu. Hiyo ndiyo nchi ya Wambeere. Mvua yake huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, wala haina ahadi. Mji wa Siakago ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere wilaya hiyo ilipotengwa na Embu mwaka 1996, na sasa ni makao ya Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu. Ni mji wa ofisi, mahakama, hospitali, shule na soko. Na kama ilivyo katika kila mji wenye ofisi, watu wake hupenda kuona kitu cha kijani mbele ya mlango.

Katika mimea ifaayo kwa kazi hiyo uko mmoja ambao mtu asingeutazamia katika nchi ya namna hii. Ni mmea wa jamii ya ndago, wenye mabua marefu ya kijani yaliyosimama wima, na juu ya kila bua majani membamba yametandazwa duara kama njiti za mwavuli. Kwao ni penye maji: kando ya chemchemi, katika vinamasi, na kwenye kingo za mito. Mzee apitaye na kuukuta umepandwa mlangoni huenda akauliza swali la haki kabisa. Mama wa nyumba ameamka kabla ya jua, amemfuata punda mtoni, amerudi na mitungi minne. Je, yafaa maji hayo yamwagiwe mmea usioliwa na mtu?

Swali hilo halijibiwi kwa kusema kwamba mapambo ni ustaarabu. Hujibiwa kwa kutazama mambo mawili: mmea wenyewe ulitoka wapi, na maji unywayo ni maji gani.

Kwanza yafaa kuujua ukoo wake. Watu wengi huita kila kitu chembamba cha kijani nyasi, na hapo ndipo makosa mengi ya bustani huanza. Ndago si nyasi. Mtu akitaka kuzitambua, na achukue bua alivingirishe kati ya vidole vyake. Bua la nyasi ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi ndani ni tupu. Bua la ndago nyingi lina pembe tatu ambazo vidole huzisikia upesi, halina vifundo, na ndani limejaa. Jamii hii ni kubwa mno: wataalamu wa mimea huhesabu aina zaidi ya 5,000 duniani. Ndani yake yamo mafunjo, ambayo Wamisri wa kale waliyafanya karatasi, na ambayo huko Dunga karibu na Kisumu watu huyasukia mikeka na vikapu. Umo ukangaga wa vinamasini. Na imo ile ndago ya shambani ambayo mkulima akilisikia jina lake hukunja uso.

Mmea unaosemwa hapa hauna jina moja la Kiswahili lililokubaliwa na wote, basi katika habari hii utaitwa ndago-mwavuli, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Wataalamu huuita Cyperus involucratus, jina lililotolewa na Mdenmark Rottbøll mwaka 1772. Kwa muda mrefu wenye bustani wa Ulaya waliuchanganya na ndugu yake wa Madagaska, Cyperus alternifolius, na mpaka leo vitalu vingi huuza huu kwa jina la ule. Kinachochekesha ni kwamba ndago-mwavuli ni mzaliwa wa Afrika. Humea yenyewe kando ya mito katika sehemu nyingi za Kenya; ikasafiri mpaka madirisha ya nyumba za Ulaya, kisha ikarudi katika vyungu vya hoteli na mabenki ya miji yetu, nayo hutazamwa kama ua la ng'ambo.

Kwa sababu humea yenyewe mtoni, mtu asiye na fedha za kununua mche huona njia ni fupi: achukue jembe na gunia, aende mtoni, ang'oe shina zima na kulileta nyumbani. Njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mizizi ya ndago haiendi chini kama msumari. Hutambaa na kufumana mpaka ikawa kama jamvi ndani ya udongo, na jamvi hilo ndilo lishikalo ukingo wa mto maji yanapojaa. Mahali paling'olewapo huachwa kidonda. Mvua ya kwanza yenye nguvu hukipanua, ya pili huondoka na kipande cha ukingo, na udongo huo hauendi kupotea bure. Mito ishukayo kutoka Mlima Kenya na kupita nchi ya Mbeere, kama vile Thuchi na Ena, hatimaye maji yake huingia katika Tana. Na katika Tana, kandokando ya nchi hiyo hiyo, yalijengwa mabwawa ya umeme ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Adui mkubwa wa mabwawa ni matope. Bwawa la Masinga limekwisha kupoteza sehemu ya nafasi yake ya maji kwa sababu ya udongo ulioletwa na mito. Hakuna asemaye kwamba shina moja la ndago lililong'olewa na mpenda maua ndilo lililojaza bwawa; lakini ukingo hauulizi aliyeung'oa alikuwa na nia gani.

Ziwa Naivasha latoa mfano ulio wazi zaidi. Zamani upande wa kaskazini, mahali mito iingiapo, palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo kilichochuja matope kabla maji hayajafika ziwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 sehemu kubwa ya mafunjo hayo ilitoweka, na matope yakapata njia wazi. Huko Kampala nako kinamasi cha Nakivubo, kilichokuwa kimejaa mafunjo, kwa miaka mingi kiliyapokea maji machafu ya mji na kuyapunguza uchafu kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Mafunjo yalipofyekwa ili kupanda magimbi, kazi hiyo ilidhoofika, na mji huo huteka maji yake katika ziwa lilo hilo. Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kulinda ardhi oevu na kingo za mito mwaka 2009. Basi kung'oa mimea ya ukingoni si ukosefu wa busara tu. Kwaweza kumfikisha mtu mbele ya sheria.

Ziko hasara nyingine za gunia lile la udongo wa mtoni, nazo humrudia mwenyewe nyumbani. Ndani ya udongo huo huenda zimo ndago za shambani, zile ziitwazo na wataalamu Cyperus rotundus, ambazo zimehesabiwa miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani. Hizi hazitegemei mbegu sana. Chini ya ardhi huzaa vidonge vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga, na kila kidonge kina macho yake ya kuchipua. Mkulima akilima kwa jembe, hukata nyuzi na kuvitenganisha vidonge. Badala ya kuua mmea mmoja hupanda kumi. Ndiyo maana mtu hupalilia ndago Jumatatu na Ijumaa huzikuta zimesimama tena, kana kwamba zilikuwa zikimngoja ageuze mgongo. Shamba la ndengu likisha kuingiwa, kazi ya kulisafisha ni ya miaka.

Kwa bahati nchi kavu yenyewe ina dawa yake. Vidonge vya ndago haviwezi kustahimili kukaushwa. Vikichimbuliwa mwanzoni mwa kiangazi na kuachwa juu ya ardhi katika jua kali kwa majuma kadhaa, vingi hufa. Lakini vikichimbuliwa wakati wa mvua na kuachwa pale pale, ni kama kuvihamisha tu. Ndago hizo pia huchukia kivuli, kwa hiyo kunde zilizopandwa kwa karibu, zikatandaa mapema, huzidhoofisha. Lakini mwenye bustani ya mapambo apaswa kuzizuia mlangoni: mche wowote anunuao kwenye kitalu, hata uwe mzuri namna gani, na autoe chunguni, aoshe mizizi yake juu ya karai mpaka udongo wote utoke, na atazame kama hakuna kidonge cheusi kilichojificha. Maji hayo ya matope yasimwagwe shambani.

Iko njia ambayo haimwachi mto na kidonda, haileti ndago shambani, na haitaki fedha wala gunia. Nayo ni hii. Ndago-mwavuli haina haja ya mizizi ili izae. Katika maji yake ya asili, bua likizeeka au likisukumwa na mafuriko huinama, kichwa chake kikagusa maji, na mahali zile njiti za mwavuli zikutanapo huchipua mche mpya. Mwenye bustani afanye vivyo hivyo. Aombe kwa jirani, au kwa mtunza bustani wa ofisi yoyote, vichwa viwili au vitatu. Mwenye mmea hatapungukiwa na kitu, kwa kuwa mabua ya zamani lazima yakatwe hata hivyo. Kichwa kiwe cha kijani, kilichokomaa lakini kisichoanza kukauka, nacho kikatwe pamoja na kipande cha bua chenye urefu wa kidole. Njiti zake zipunguzwe kwa mkasi mpaka nusu. Kisha kigeuzwe juu chini, njiti ndani ya maji na bua likitazama mbinguni, katika bilauri au bakuli lenye maji safi, na kuwekwa mahali penye mwangaza pasipopigwa na jua la mchana.

Mtu aonaye jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani amekosea, maana ni nani apandaye mmea kichwa chini? Lakini maji yakibadilishwa kila baada ya siku tatu au nne, kwa kawaida baada ya majuma mawili hadi manne hutokea mizizi myeupe katikati ya mwavuli, na machipukizi ya kijani yakielekea juu. Yakifika urefu wa kidole, mche uko tayari. Watoto wa shule hupendezwa sana na kazi hii, nayo huwafundisha juu ya mizizi kuliko picha ya kitabuni.

Sasa yaja habari ya chombo. Mimea mingi ya chunguni hutaka tundu chini ili maji yatoke, huu hautaki. Ndoo ya zamani, beseni, debe, au karai ambalo halijatoboka, vyote vyafaa, mradi kina chake kipite shibiri moja. Udongo uwe mzito kiasi, uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaoza ndani ya maji na kunuka, na wageni watalaumu mmea. Juu ya udongo itandazwe changarawe yenye unene wa vidole vitatu, kitu ambacho Siakago hakijawahi kuadimika. Changarawe hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Maji yamiminwe mpaka yafike karibu na uso wa changarawe lakini yasitokeze juu. Mizizi itakuwa majini saa zote, jua halitayakausha upesi, na mbu hatapata mahali pa kutaga.

Neno la mbu lisipuuzwe. Mbu wa malaria aweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 14, joto likiwa zuri kwake. Kisahani cha maji kilichosahauliwa chini ya chungu, mbele ya dirisha la chumba walalamo watoto, ni kiwanda. Mwenye kupenda maji yaonekane, kama wafanyavyo wengine wajengao kidimbwi cha saruji, hana budi kuweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi, au kuyamwaga maji yote mara moja kila juma bila kukosa. Njia ya changarawe ni rahisi kuliko zote mbili. Zaidi ya hayo, kidimbwi kisicho na ua ni hatari kwa mtoto mdogo, hata maji yake yakiwa ya magotini tu.

Kuhusu maji ya kuunywesha, sheria ya nyumba yaweza kuwa fupi: ndago-mwavuli isipewe maji ambayo hayajafanya kazi nyingine kwanza. Maji yaliyooshea mboga, maji ya kusuuzia nguo mara ya mwisho, maji ya kuogea yenye sabuni kidogo, yote huyapokea bila manung'uniko. Mmea huu ni wa vinamasi, na uchafu wa namna hiyo kwake ni chakula. Yasiyofaa ni maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, maji ya sabuni nzito ya unga, na yale ya vyombo yenye mafuta mengi, ambayo huziba changarawe na kuita nzi. Mvua zikija, chombo na kiachwe nje kifurike mara moja au mbili, ili chumvi iliyokusanyika itoke. Wala mtu asidanganyike kwamba maji yaliyopita katika mizizi yake yamekuwa safi ya kunywa. Hayakuwa.

Mahali bora kuliko mlango wa nyumba ni pale ambapo maji humwagika yenyewe. Katika shule na zahanati nyingi, chini ya bomba la kunawia mikono huwa na tope la daima ambalo kuku huchakura na watoto huteleza. Hapo ndago-mwavuli itakunywa kile ambacho kingepotea, na tope litageuka kichaka cha kupendeza. Isipandwe tu karibu na bomba la maji machafu lililofukiwa, kwa kuwa mizizi itatafuta ufa na kuliziba. Wala isiachwe itambae mpaka mfereji wa kumwagilia. Huko Australia na Hawaii, ambako ni mgeni, ilitoroka bustanini na kuwa gugu la mitoni. Hapa ni mwenyeji, lakini hata mwenyeji yafaa akae kwake.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Hutaka jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana. Katika jua la Siakago, ukuta wa upande wa mashariki wafaa. Ncha zikigeuka rangi ya kahawia, mara nyingi maji yalishuka mno au chumvi imezidi. Mabua yaliyozeeka yakatwe chini kabisa, si katikati, maana bua lililokatwa katikati halioti kichwa kingine. Wakitokea wadudu wadogo wenye kufuma utando chini ya njiti, kama ilivyo kawaida wakati wa hewa kavu, maji yarushwe kwa nguvu siku kadhaa mfululizo. Baada ya miaka miwili au mitatu chombo kitajaa mizizi mpaka maji yakose pa kuingia. Hapo mmea utolewe, ukatwe kwa panga, vipande vya pembeni vipandwe upya na vile vya katikati vilivyochoka vitupwe. Mbuzi afungwe mbali. Hajui tofauti ya malisho na mapambo.

Wako wapendao kujaribu mafunjo yenyewe. Hayo hufikia mita 4 na zaidi, hunywa maji mengi kwa kadiri ya ukubwa wake, na upepo wa nchi wazi huyavunja. Mahali pake ni Naivasha na Ziwa Victoria. Siakago haina maji ya kuyalipa.

Na mwaka wa ukame ujapo, kama ujavyo, mwenye bustani asihangaike kuchagua kati ya mmea na mtungi wa jikoni. Wakati maji ya kuoshea nayo yamepungua, mabua yote yakatwe kabisa usawa wa changarawe, chombo kihamishiwe kivulini nyuma ya nyumba, na kifunikwe kwa majani makavu. Kikombe kimoja cha maji kila baada ya siku chache chatosha kuulinda uhai wa shina chini ya udongo, maana mmea usio na mabua hauna pa kupotezea maji. Hautapendeza kitu miezi hiyo. Mvua ya Oktoba ikianguka, chombo kirudishwe nje, na machipukizi yatatokea kati ya mawe.